Lugha ya Watu Wawili

Wanangu walikuwa na lugha yao, na duniani ilikuwa na wazungumzaji wawili tu. Mimi nilikuwa mwanafunzi wao, tena mwanafunzi mzito. Mkubwa hasikii tangu alipozaliwa. Mdogo anasikia vizuri. Lugha hiyo waliitunga wenyewe, kwa mikono, kwa uso na kwa mabega, wakiwa wamekaa juu ya marobota ya vitambaa barazani kwangu Tunduma, mimi nikishona sare za shule na malori yakisubiri zamu ya kuvuka kwenda Zambia. Naandika jinsi lugha hiyo ilivyokufa. Haikufa kwa ugonjwa wala kwa ajali. Iliuawa kikaoni, mchana, na watu waliowapenda watoto wangu wote wawili kwa dhati, na baada ya kikao tulipakuliwa chakula tukala.

Nilichelewa kuolewa. Mkubwa nilimzaa nikikaribia miaka arobaini, na majirani walishazoea kuniita fundi, si mama. Mume wangu ni dereva wa lori. Hupeleka mizigo Kongo, na akirudi kazi yake ya kwanza ni kulala. Yeye ni Mnyiha wa Hasamba, mimi ni Mndali wa milima ya Ileje. Sisi wawili tuliongea Kiswahili. Mama yake, aliyekuja kunilelea mtoto, aliongea Kinyiha. Mama yangu alipiga simu kwa Kindali. Jirani wa kushoto alikuwa Mnamwanga, na nusu ya wateja wangu walikuwa wanawake wa Zambia walionisalimu kwa Kibemba huku wakipima vitambaa kwa mikono yao, kwa kuwa hawakuuamini utepe wangu.

Kwa Tunduma hilo si jambo la ajabu. Kwa hiyo mtoto alipotimiza miaka miwili bila neno hata moja, kila mtu alikuwa na jibu, na jibu lilikuwa lile lile: lugha zimemchanganya. Aliniambia hivyo muuguzi wa kliniki. Alisema hivyo mke wa mchungaji. Mtu wa Tunduma hahitaji daktari ili ajue kwa nini mtoto hasemi. Anahesabu lugha zilizomo ndani ya nyumba, basi. Tukashauriwa tuchague moja na kuzifunga nyingine zote nje ya mlango. Mume wangu akachagua Kiswahili.

Mama mkwe wangu alikuwa na Kiswahili cha sokoni na cha kanisani. Kilitosha kuuliza bei na kuitikia sala. Hakikutosha kumbembelezea mtoto, wala kumtania, wala kumsimulia kitu. Akawa anakaa ndani ya nyumba yetu kimya, akimfunga mjukuu mgongoni bila wimbo, kwa sababu nyimbo zake zote zilikuwa za Kinyiha. Alikaa hivyo karibu mwaka mzima, kisha akasema kahawa imeiva na mzee wake hawezi kuichuma peke yake. Akarudi Hasamba. Tulimnyamazisha mwanamke mzima kwa ajili ya mtoto ambaye hata angeimbiwa kwa lugha zote za mpakani asingezisikia.

Tulidanganywa na malori. Lori zito likifunga breki mbele ya baraza, mtoto aliinua kichwa, nasi tukasema: mnaona, anasikia. Hatukujua kwamba alichokipata ni mtetemo wa ardhi. Nilijua siku tairi lilipopasuka. Lori lilikuwa limesimama kwenye foleni, halitembei. Mlipuko ukatoka ghafla kama bomu. Kuku walitawanyika, mteja wangu akapiga yowe na kujitupa chini ya meza. Mwanangu alikuwa amekaa na kopo la vifungo, akivipanga kwa ukubwa, kutoka cha shati hadi cha koti. Alikipanga cha koti, akachukua kingine.

Tangu siku hiyo nilianza kumpima. Nilipima nikiwa nyuma yake, nyuma ya pazia, akiwa juu ya godoro ili asipate mtetemo, kwa filimbi, kwa sufuria, kwa sauti yangu. Kule sokoni nilipata kitabu kikuukuu cha kufundishia wahudumu wa afya, sura moja ikihusu masikio, nikakisoma mpaka jalada likatoka. Sikusoma zaidi ya darasa la saba. Yote ninayoyajua baada ya hapo nimejisomea. Daktari wa masikio tuliyefika kwake Mbeya alithibitisha kile nilichokuwa nimeshakijua. Alisema pia shule zenye walimu wa watoto viziwi zipo, ziko mbali, ni za kulala, na nafasi ni za kusubiri. Tukaanza kusubiri.

Wakati huo mdogo alikuwa ameshazaliwa na anatambaa.

Sijui alama ya kwanza ilikuwa ipi. Nilipoanza kuziangalia tayari zilikuwa nyingi. Mimi nilikuwa kidole cha shahada kinachodonoa haraka haraka, kama sindano ya cherehani. Baba yao alikuwa mikono miwili inayozungusha usukani, halafu shavu likilala juu ya kiganja. Bibi alikuwa vidole vinavyochuma kahawa hewani. Shangazi yao, dada mkubwa wa mume wangu, mfanyabiashara wa viazi Vwawa, alikuwa mkono unaofunguka na kufumbika, kufunguka na kufumbika, bila kupumzika. Mdogo jina lake lilikuwa kugusa nyusi, mahali alipo na kovu la kuangukia ukingo wa meza yangu. Mkubwa jina lake lilikuwa kuvuta kifungo cha juu cha shati. Shavu juu ya kiganja, mkono ukisukumwa mbele, ilikuwa kesho. Ukivutwa nyuma, jana. Mabega yakipanda, hilo ni swali. Kubana pua maana yake ni uongo.

Mwanzoni nilidhani ni michezo. Kisha siku moja niliwatazama kwa makini nikiwa natia uzi. Mdogo alikuwa anamweleza kaka yake kwamba jana bibi wa jirani alianguka mtaroni na sahani ya vitumbua. Mkubwa akabana pua. Mdogo akaapa kwa uso wake wote, akaonyesha vitumbua vilivyokuwa vinaelea. Walipoweza kusimulia ya jana, kutiliana shaka na kumsengenya shangazi yao mbele yake, nilijua hii si michezo. Ni lugha kamili.

Nikajifunza. Nilikuwa nakosea mpangilio, kwa sababu wao hutaja kwanza kitu, halafu mtu. Mimi nilitaja mtu kwanza, kama kwa Kiswahili, nao walicheka mpaka wakaanguka kwenye marobota. Sikuwahi kufika mbali. Mama anaweza kuelewa lugha ya wanawe bila kuwa mwenzao ndani yake.

Sasa, mdogo hakuwa na haraka ya kutumia mdomo. Alipofika miaka mitatu alikuwa na maneno machache, nayo aliyatumia kwa watu wa nje tu, kama mtu anavyotoa kitambulisho mpakani. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa nimempima naye. Nikinong'ona "andazi" nyuma ya mlango, alikuja mbio. Masikio yake yalikuwa mazima. Alikuwa na mtu wa kuzungumza naye kuanzia asubuhi hadi usiku, na mtu huyo hakuhitaji sauti.

Wengine hawakuliona hivyo. Shangazi alikuwa akishuka kutoka Vwawa na kabichi zake, anaketi barazani, anawatazama.

"Wifi, hii ngoma gani wanayocheza wanao? Mbona haina wimbo?"

"Wanaongea, wifi."

"Wanaongea! Haya, wewe mdogo, njoo. Shangazi anasalimiwaje?"

Mdogo alikuja, akapiga goti kidogo, akatabasamu, akanyamaza.

"Ulimi umeuacha sokoni?" Akanigeukia, akashusha sauti kama vile mkubwa angeweza kumsikia. "Ububu unaambukiza. Usinicheke. Kuna mtoto pale Vwawa alikuwa anamwigiza mwenye kigugumizi. Leo mwenye kigugumizi anamshangaa yeye."

Mdogo akamtazama kaka yake, akafungua na kufumba kiganja mara nyingi. Mkubwa akacheka kile kicheko chake cha kooni.

"Unaona?" akasema shangazi. "Hata kucheka wanachekea hewa."

Sikumwambia walichekea nini. Nilikuwa na jambo lililonitisha zaidi ya maneno yake. Shule ya karibu ilikubali kumpokea mkubwa, lakini mwalimu mkuu alinieleza wazi: hana mwalimu wa watoto wa namna ile, nimlete tu akae. Akawa anakaa. Anarudi na daftari lililonakiliwa ubao mzima, mwandiko mzuri, asijue hata neno moja maana yake ni nini. Siku nzima hakuna aliyezungumza naye. Akifika nyumbani alitupa mfuko na kukimbilia alipo mdogo, na mikono ilianza kabla hajaketi, kama maji yaliyozuiwa. Mtu huyo mmoja, mwenye miaka isiyofika mitano, ndiye aliyekuwa darasa lake, rafiki yake na redio yake. Nilijua akiondolewa hatabaki na mtu.

Msimu wa baridi, kahawa ikiwa vichanjani, baba mkwe wangu akafa.

Kwa watu wetu, siku ya kuanua matanga si ya kulia tena. Ni siku ya kikao. Ukoo wote upo, waliotoka mbali hawajaondoka, basi kila lililobaki hutatuliwa hapo. Wanaume walikaa kwenye mabenchi chini ya upenu, sisi kwenye mikeka. Aliyeongoza alikuwa kaka wa marehemu, mzee mpole, mzito wa kusema. Likaanza shamba, nani atalitunza. Likafuata koti na baiskeli. Kisha likaja suala la mjane.

Mjane halali peke yake nyumbani. Hupewa mjukuu. Si mfanyakazi, si mlinzi; ni mtoto wa kutumwa: akachukue moto kwa jirani, amwite fulani, akimbilie chumvi, na jioni sauti ya mtu isikike ndani ya nyumba. Ni desturi nzuri. Nilimwona nyanya yangu mwenyewe akizeeka vizuri kwa sababu yake. Mume wangu ndiye mwana wa kiume wa kwanza, kwa hiyo mjukuu alitakiwa kutoka kwetu. Mimi nina wawili tu.

"Mkubwa au mdogo?" akauliza mmoja wa wajomba.

"Mkubwa utamtuma vipi?" akajibu mwingine. "Utamwita kwa kengele?"

"Hata kengele haisikii, labda umrushie jiwe."

Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya. Ni watu walewale waliombebea mkubwa miwa kila walipokuja mjini.

Shangazi akasema kutoka kwenye mkeka, bila kuomba ruhusa: "Mdogo. Bibi apate mtu, na mtoto apate ulimi. Akiendelea kukaa pale atakuwa bubu wa pili. Nimeona kwa macho yangu."

Mnong'ono wa kukubali ukapita. Nikaomba kusema. Mzee akanipa nafasi, akasema mkwe asikilizwe.

Niliwaeleza kwamba mdogo anasikia, kwamba nimempima, kwamba maneno yatakuja yenyewe. Nikasema wamchukue kwa likizo, wamrudishe, wamchukue tena. Nikasema wakimtoa kabisa, mkubwa atabaki hana wa kuongea naye.

Mzee akafikiri. Akauliza kwa upole, akitaka kuelewa kweli:

"Kwani sasa anaongea?"

"Anaongea, baba. Kwa mikono."

Mtu akakohoa. Mzee akatikisa kichwa kama anayemhurumia mgonjwa.

"Mkwe, unasoma sana. Kusoma ni kuzuri. Lakini mikono, mwanangu, mikono inalima."

Nikamtazama mume wangu. Alikuwa ameshika kofia ya marehemu, aliyokuwa amekabidhiwa muda mfupi uliopita, akiigeuza geuza.

"Baba watoto," nikamwambia mbele ya watu, jambo ambalo si heshima.

"Ukoo umesema," akajibu. "Na mama hawezi kukaa peke yake."

Kwa hilo la pili alikuwa na haki.

Kisha mama mkwe, ambaye siku zote hizo hakuwa amesema, akaongea kwa Kinyiha, taratibu, akitazama mkeka. Wakati huo nilikuwa nimeshajifunza cha kutosha kuelewa. Alisema aliwahi kukaa katika nyumba ambamo alikatazwa kusema. Alisema sasa amebaki na nyumba yake, na anataka mtoto ambaye ataongea naye kwa maneno yake, naye amjibu. Hakutaja nyumba ni ya nani. Hakuna aliyenitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa.

Wakati tukiamua hayo, watoto wenyewe walikuwa kwenye vichanja vya kahawa, mgongo kwetu. Niliona viwiko tu vikienda. Walikuwa wanazungumza habari za mbuzi aliyechinjwa.

Mdogo alibaki siku ileile. Mkubwa hakuelewa mpaka tulipofika nyumbani Tunduma na mimi nikafungua mlango peke yangu. Akagusa nyusi, akapandisha mabega. Nikamchumia kahawa hewani: yuko kwa bibi. Akaweka shavu kiganjani, akasukuma mbele, akapandisha mabega: kesho? Lugha yao haikuwa na neno la mwezi wala la mwaka; hawakuwa wamelihitaji. Nikarudia alama yake ile, nikaisukuma mbele, tena, tena, nikijaribu kusema siku nyingi. Alinitazama usoni muda mrefu. Akabana pua.

Nilitaka kumpeleka mkubwa Hasamba mwisho wa mwezi. Shangazi akapiga simu: "Wifi, usimlete kwanza. Mdogo ameanza vizuri. Akimwona kaka yake atarudia mikono. Subiri ulimi ukomae." Mume wangu aliona ni busara. Krismasi ya kwanza yeye alikuwa amekwama Kongo na lori, mvua ilikuwa imeharibu njia, na mimi nikaambiwa tena nisubiri. Nilikwenda mara moja tu, peke yangu, nikiwa nimemwacha mkubwa kwa jirani. Mdogo alinirukia shingoni. Alinong'ona sikioni mwangu maneno ya Kinyiha na ya Kiswahili yaliyochanganyika, na nilishangaa jinsi sauti yake ilivyo nzito kidogo, kama ya baba yake. Sikuwa nimewahi kuisikia kiasi hicho. Nilifurahi. Nalisema hili kwa sababu ni kweli: nilifurahi sana, na nilipokuwa narudi nilijisikia kama mtu aliyekula chakula cha mwanawe mwingine.

Kwa simu ilikuwa hivyo hivyo. "Shikamoo mama. Leo tumekula makande. Kuku wa bibi ametotoa." Mkubwa alikuwa anakaa mbele yangu akitazama simu, kisha mdomo wangu, kisha simu. Niligusa nyusi kumwambia ni nani. Alichukua simu, akaitazama mbele, akaigeuza nyuma, akanirudishia. Ilikuwa simu ya vitufe. Mume wangu aliahidi kuleta ya picha, na baadaye akaileta, lakini kule kwa bibi hapakuwa na nyingine ya kuipokea.

Mwezi wa kwanza bila ndugu yake, mkubwa aliuma watoto shuleni, nikaitwa. Mwezi wa pili aliacha kuuma. Nilidhani amezoea. Kisha nikamwona ana tabia mpya. Barazani nina kioo kirefu ambacho wateja hujitazama wakijaribu sare. Alikuwa akisimama mbele yake wakati hakuna mteja, akisema na yule wa kwenye kioo. Anasimulia, anasubiri, anasimulia tena. Shida ni kwamba yule wa kwenye kioo anasema wakati uleule unaposema wewe, na hajui lolote usilolijua.

"Fundi," akacheka mteja mmoja aliyekuja kuchukua sketi za binti zake, "huyu kijana wako anajitongoza?"

"Anaongea na ndugu yake," nikasema.

Akaacha kucheka, akaangalia kioo, akaniangalia, akaondoka na sketi bila kuzikagua.

Baada ya muda mrefu hata hilo likaisha. Mikono yake ikawa ya kushika vitu tu. Mimi nilijaribu kuijaza ile nafasi. Jioni niliweka kazi kando na kumsimulia habari za siku kwa mpangilio wangu mbovu. Alinisikiliza kwa adabu, kama unavyomsikiliza mgeni anayejitahidi na lugha yako, kisha akaenda kupanga vifungo.

Desemba iliyofuata nikasema tunakwenda, na sikuuliza mtu. Nilimshonea shati jipya. Kwenye pikipiki, kutoka barabara kuu kupanda Hasamba, alikuwa amekaa mbele yangu, na niliona mkono wake ukipanda kwenye nyusi, unashuka, unapanda tena.

Mdogo alikuwa uani na watoto wa baba zake wadogo, wakijenga barabara ya malori ya udongo. Alinyanyuka. Alikuwa amerefuka na amekonda kwa namna ya afya. "Shikamoo mama!" akapaza sauti, na kila mtu uani akanitazama nione jinsi ilivyotoka vizuri.

Mkubwa alishuka, akasimama mbele yake. Akagusa nyusi. Kisha akaanza. Alianza na yote aliyokuwa ameyaweka: mwalimu aliyeteleza, paka aliyezaa ndani ya kabati la vitambaa, dereva aliyepigana na mke wake katikati ya foleni, mimi nilivyojichoma sindano. Sikuwa nimewahi kuona mikono yake ikienda kasi hivyo. Mengine sikuyafuata hata mimi.

Mdogo alimtazama mdomo wazi, kama mtu anayetazama ndege mgeni. Kuna mahali nilidhani ameshika kitu, kwa sababu kiganja chake cha kulia kilianza kufunguka.

"Kaka yako anafukuza nzi?" akauliza mmoja wa wale watoto.

Wenzake wakaangua kicheko. Mdogo akamtazama aliyesema, akamtazama bibi yake aliyekuwa mlangoni. Akapeleka mikono nyuma ya mgongo, yote miwili, akaishikanisha huko.

"Mama," akaniuliza, "anataka nini?"

Nikamtafsiria. Nilimweleza mwanangu, kwa Kiswahili, kile ambacho kaka yake alikuwa anamwambia kwa lugha waliyoitunga pamoja. Nilitafsiri mambo matatu au manne, yaliyobaki nikayaacha.

"Mwambie tukacheze mpira," akasema.

Nikamwambia. Mkubwa hakuangalia mikono yangu mpaka mwisho. Alimwangalia ndugu yake, akaniangalia mimi, akapandisha mabega. Sijawahi kupata swali gumu kuliko lile, na liliulizwa bila hata kidole kimoja.

Jikoni nilimkuta mama mkwe akipembua maharage. Nikamwuliza kwa Kinyiha changu cha kuombaomba, mikono ya mtoto imekuwaje.

"Nilikuwa nikimgonga na mwiko akianza," akasema. "Kidogo tu, mwanangu. Hakuumia. Baada ya muda akaacha mwenyewe." Akapuliza makapi. "Si unamsikia anavyosema sasa? Jioni ananisimulia mpaka nasinzia. Mungu amenipa mtu."

Hakuwa anajitetea. Alikuwa ananipa habari njema. Niliinama nikamsaidia kupembua.

Tulikaa mpaka baada ya Krismasi. Watoto walicheza pamoja. Mpira hauna lugha. Mume wangu alifika, akawatazama wakikimbia, akasema, "Unaona, wameelewana." Shangazi alifika na kabichi zake. "Wifi," akasema, akinipiga bega, "si nilikuambia? Ulimi umekuja huo." Sina ushahidi kwamba mdogo angesema bila kupelekwa. Naamini angesema. Kuamini si ushahidi, na ukoo una mtoto anayesema, mimi nina ninachoamini.

Niliomba arudi nasi. Mume wangu alisema ameshaandikishwa darasa la kwanza palepale, na mama akiachwa sasa atavunjika. Alisema tumwache amalize hata mwaka. Nilimwuliza na huyu mwingine. Akasema huyu anasubiri nafasi yake ya shule. Alisema kama mtu anayetaja gari lililo kwenye foleni, ambalo siku moja, bila shaka, litavuka.

Asubuhi ya kuondoka, pikipiki iligoma kupanda kwa sababu ya tope, tukashuka kwa miguu mpaka njia ya chini. Mkubwa alitangulia na mfuko wake, hakumtazama mtu. Tulikuwa tumeipita migomba niliposikia miguu ikikimbia nyuma yetu.

"Kaka!" mdogo aliita. "Kaka! Kaka, subiri!"

Aliita kwa mdomo. Aliita kwa nguvu zake zote, kwa sauti safi, kila herufi mahali pake, kama alivyofundishwa. Mkubwa aliendelea kushuka. Kisha mdogo akasimama njiani akiwa na kitu mkononi, nadhani lori la udongo, na nikaona uso wake ukianza kukasirika, ule uso wa mtoto anayeona mwenzake anamdharau.

Ningeweza kupiga hatua chache na kumgusa mkubwa begani ageuke. Nilikuwa karibu naye. Sikumgusa. Niliona afadhali asijue kwamba ameitwa, na ameitwa vipi.